Mkaanga Chipsi Aliyepoteza Harufu

Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, mkaanga chipsi ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Moto anamimina mafuta ya jana kwenye karai, kisha anasogea pembeni. Mkewe ndiye anayeinama na kunusa.

"Haya yamechoka, baba watoto. Mwaga."

Fundi anamwaga bila ubishi. Zamani asingekubali. Kwa miaka kumi na tisa kipimo kilikuwa pua yake mwenyewe, na alijigamba kwamba mafuta yaliyoungua anayajua akiwa ng'ambo ya barabara.

Corona ilipoingia mtaani, wateja wakaanza kumrudishia sahani. Mmoja alimwambia chipsi zake zinanuka tairi. Fundi akaja juu.

"Nikasema hawa wanatafuta kula bure," ananisimulia, akijicheka. "Nanusa, sisikii kitu. Nikajua mafuta ni safi kabisa."

Alikaanga hivyo siku mbili, mpaka mkewe alipopita kibandani, akaziba pua na kumtazama usoni. Hapo ndipo wote wawili walipoelewa kwamba corona imeiua pua ya Fundi.

Haukupita muda akalazwa, anapumulia oksijeni. Dada yake, muuza matunda wa kibanda cha jirani, aliugua wiki hiyo hiyo, akakohoa nyumbani na kupona. "Na yeye ni mkubwa kwangu," anasema Fundi. "Nikajiuliza, mbona mimi ndiye niko chali?"

Daktari alimuuliza anakula nini. Kama wakaangaji wengi, Fundi hakuwa na saa ya kula. Kutwa alitafuna vipande vilivyobaki kwenye chujio, akishushia soda kwa sababu ya joto la jiko. Jioni, chipsi zisizouzwa zilikwenda nyumbani kuwa chakula cha familia.

"Daktari hakusema chipsi ndizo zilizoniangusha," anasisitiza. "Alisema kuna umri, uzito, sukari, mambo mengi, na wataalamu bado wanachunguza. Ila mafuta yaliyorudiwa na sukari nyingi vinaweza kuuacha mwili unawaka ndani kwa ndani, moto mdogo usiouona. Kirusi kikiingia, kinakuta jiko limeshawashwa. Lugha ya jiko hiyo, nikaielewa."

Kinachomnyima raha sasa si mapafu yake. Ni mkewe, mwenye presha na uzito uliozidi, ambaye kila jioni bado anafungua mfuko wa chipsi zilizobaki.

"Chakula tunacho, halafu tukatafute kingine?" mkewe anauliza. "Mwenzangu katoka hospitali kajifanya daktari."

Fundi ameongeza sufuria ya maharage na mboga za majani kando ya karai. Wateja hawakumwacha apumue: "Fundi, leo umefungua wodi?" Chipsi hajaacha kukaanga, maana ndizo zinazosomesha watoto, lakini sufuria nayo imepata wateja wake. Kila siku anamwekea mkewe bakuli moja, na kila siku mkewe anampa mtu mwingine.

Ninapomuuliza ana mpango gani wa kumshawishi, Fundi anageuka nyuma. Mkewe yuko hatua chache tu, anamenya viazi.

"Wodini, kitanda cha pili alilala baba mmoja," anasema. "Mkewe alikuwa akija dirishani, anampungia mkono. Siku moja hakuja. Kumbe naye kalazwa wodi ya wanawake. Yule baba aliruhusiwa, akarudi nyumbani peke yake."

Anajifuta uso kwa kiganja.

"Naogopa. Ugonjwa mwingine ukija, nataka umkute huyu ana nguvu. Sina mpango mwingine."

Mkewe ameacha kumenya. "Mbona hilo hukuniambia? Kila siku mafuta, mafuta tu!"

"Ningeanzia wapi?"

Mkewe anaweka kisu chini. Anainuka, anachukua bakuli lake la maharage, anakula akiwa amesimama mpaka linabaki tupu. Fundi anajifanya kukoroga karai ambalo halina kitu.

"Kesho," mkewe anasema, "uzidishe kitunguu."