Matope Kwenye Suruali ya Mjomba

Nilipokuwa mtoto kule mtaani Kianda, hakuna aliyetoka nyumbani kwetu na viatu vikavu. Kila asubuhi Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, alisimama mlangoni na chupa ya maji yaliyoombewa, akatunyunyizia miguuni, kulia kisha kushoto. Babu alikuwa ameondoka asubuhi moja kwenda kibaruani na hakurudi akiwa hai. Baada ya msiba Dani alijiunga na kanisa la wenye kanzu nyeupe, na mambo ya viatu yakaanza. Akishatunyunyizia alikuwa mtu mwingine kabisa. Alichambua mboga zake, akataniana na majirani, hana wasiwasi hadi jioni.

Mjomba Okelo, kaka yake mama, tuliishi naye na hakuamini chochote. Alikuwa mwalimu, na ualimu wake haukujua likizo. Siku moja aliyamwaga maji ya Dani nje, akanituma nilete ya mfereji, akaijaza chupa na kunikonyeza. Nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mjanja kweli.

Wiki tatu baadaye, tukila ugali, akatangaza.

"Mama, wiki tatu umekuwa ukitumwagia maji ya mfereji tu. Kuna mtu amekufa?"

Nilidhani Dani atagomba. Aliliweka tonge chini.

"Wiki tatu?" aliuliza. "Hata siku ile ya mvua kubwa?"

Nikakumbuka kwamba ile mvua ilimkuta mama njiani.

Kesho yake Dani alikaa kizingitini, akamzuia mama asitoke. Mama alikuwa kibarua kwenye kiwanda huko Industrial Area, na alienda kwa miguu akifuata reli. Mama alimbembeleza, akalia, mpaka majirani wakaja kumwinua Dani. Akafika kazini akiwa amechelewa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Jumamosi nyapara akamwambia akichelewa tena asijisumbue kuja, watu wamejaa langoni wakitafuta kazi.

"Okelo, hayo maji yalikuwa yanakuuma wapi?" mama alimuuliza jioni hiyo.

"Nilitaka tu aone ukweli."

"Haya, ameuona. Sasa hawa watoto watakula huo ukweli?"

Jumapili mjomba alinishika mkono, nikabeba chupa tupu, tukavuka Ngong Road kwenda Kawangware. Mama Perez wa kanisani, aliyeyaombea maji ya Dani miaka yote, alikaa Gatina, huko huko Kawangware. Njia nzima niliogopa. Niliogopa gari moshi lingemgonga mama Jumatatu, niliogopa atafutwa kazi, na zaidi ya yote niliogopa Dani atajua ni nani aliyeleta maji ya mfereji. Karibu na Gatina tulipita bomba kwenye ploti moja. Mjomba akasimama.

"Tukijaza hapa, nani atajua?"

"Dani atajua," nilisema, ingawa sikujua angejuaje.

Alikuna kichwa, tukaendelea.

Mama Perez hakumuuliza kama anaamini. Alisema tu kwamba anayechukua maji hupiga magoti uani, ameshika chupa, hadi maombi yaishe. Ua ulikuwa matope matupu. Mjomba alikuwa amevaa suruali yake ya kufundishia, imepigwa pasi. Niliikodolea macho ile suruali, nikaomba moyoni, sijui nilimwomba nani. Akapiga magoti. Na Mama Perez hakuwa mtu wa maombi mafupi.

Tuliporudi Dani hakuigusa chupa kwanza. Aliangalia magoti ya mjomba.

"Ulipiga magoti?"

"Nilipiga."

"Ukaamini?"

"Hapana, Mama."

Nikajua ameharibu kila kitu. Dani aliinama, akayagusa yale matope kwa kidole.

"Vua hiyo suruali nifue," akasema, akaichukua chupa.

Jumatatu mama aliondoka mapema, viatu vimelowa.

Leo mimi pia siamini. Imani ikimzuia mtoto kupelekwa hospitali nitapinga, tena kwa sauti. Lakini maji ya Dani hayakumdhuru mtu. Aliyeumizwa nyumba ile ni Dani, na tuliomuumiza ni sisi tuliokuwa na ukweli. Kile kicheko changu cha siku ya kumwaga maji bado kinanitia aibu.

Siku hizi chupa ni ya mama. Amezeeka, na nikimuaga huchukua muda mrefu kuitafuta. Mwezi uliopita nilikuwa na haraka, nikaondoka kabla hajaipata. Nilifika barabarani nikamkumbuka Dani pale kizingitini. Nikarudi, nikasimama mlangoni, nikatoa mguu wa kulia, halafu wa kushoto.