Mashine Isiyo na Vitufe

Walimwita Mzee Mita, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba: kuinua kifuniko cha shimo, kupiga magoti, kufuta matope kwenye kioo cha mita, kusoma tarakimu, kuziingiza kwenye kompyuta ya mkononi na kuzituma ofisini. Ni kazi ya magoti na kiuno, kazi ya kukutana na mijusi isiyojua kubisha hodi. Hakuwahi kuilalamikia. Kilichokuwa kinamtafuna kilikuwa kingine, na zaidi ya yeye mwenyewe alikijua mkewe tu: macho yalikuwa yanamzimikia.

Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno. Ugonjwa uko nyuma ya jicho, miwani haitafua dafu. Pembeni bado aliona. Aliweza kutembea barabarani, kukwepa baiskeli, kuwatambua watu kwa mwendo wao. Lakini kitu alichokielekezea macho, hicho hicho ndicho kilichopotea, kikawa ukungu. Na ofisini walikuwa na msemo wao, kwamba msoma mita asiyesoma ni mtembea kwa miguu. Angeachishwa kabla ya kustaafu, arudi mikono mitupu kwenye nyumba iliyokuwa inakula kwa mkono wake peke yake. Tuseme ukweli, mzee wa watu alikuwa anaogopa. Alikuwa anaamka na hofu na kulala nayo.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," mkewe alimwambia.

"Basi kiniumbue nikiwa nimeshastaafu," akajibu. Ndiyo mizaha yake hiyo, na mkewe hakucheka.

Kilichomwokoa miaka yote ile ni ile kompyuta ya mkononi, mashine ya zamani. Ilikuwa nyeusi, nzito, sura mbaya, lakini ilikuwa na adabu. Katikati ilikuwa na kitufe kikubwa cha mpira chenye pande nne, cha kupanda, kushuka, kwenda kushoto na kwenda kulia, kimeinuka kiasi kwamba kidole gumba kilikipata bila kukitafuta. Chini yake zilipangwa namba, na juu ya tano paliwekwa kinundu kidogo. Kitufe cha kutuma kilikuwa kimezamishwa ndani, usije ukakibonyeza kwa bahati mbaya. Uliishika kwa mkono mmoja, gumba likafanya kazi yote, mkono wa pili ukabaki huru. Mkono huo wa pili wa Mzee Mita ulishika kioo cha kukuzia maandishi. Kichwa kiko shimoni, mgongo uko juu, nani angemwona? Tarakimu za mita ni nene. Kwa kioo kile na tochi alizinasa moja moja kwa ukingo wa jicho. Skrini ya mashine hakuwa na shida nayo. Gumba lilikuwa linajua njia, kama mtu anavyojua njia ya chooni kwake gizani.

Kisha wakaleta za kisasa. Bapa, nyembamba, kioo kitupu mwanzo hadi mwisho, hakuna hata kitufe kimoja cha kushika. Waliozileta walikuwa na viatu visivyojua tope, wakasifia weee mpaka povu likawatoka. Kumbe kitu chenyewe kinateleza kama sabuni, na tone la maji likikidondokea kinajibonyeza chenyewe. Na hiyo ndiyo mashine ya watu wa maji! Isitoshe, ilitaka mkono wa kuishika na mkono mwingine wa kuibonyeza. Kioo cha kukuzia angekishika kwa meno?

Alirudi nyumbani siku hiyo, akakaa mezani, akasema, "Mama, mimi kwisha habari yangu."

Mkewe alinyoosha mkono. Aliichukua mashine akaigeuzageuza, akaenda chumbani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Kwenye kioo hakugusa, maana kioo kikiguswa kinadhani kimeamrishwa. Alidondoshea rangi kwenye fremu ya plastiki, tone baada ya tone, akasubiri likauke, akaongeza jingine juu yake mpaka yakawa vinundu. Kila mstari wa namba ukapata kinundu chake pembeni. Chini kulikuwa na vitufe vitatu vilivyochorwa ndani ya kioo: *Tuma*, *Hakuna mtu* na *Mita mbovu*. Cha kutuma akakipa kinundu kikubwa kuliko vyote. Gumba lingeteleza ukingoni, likipata kinundu liingie ndani kidogo, libonyeze. Mashine yenyewe ilifungwa mkanda kwenye kiganja isianguke, na mkono wa pili ukawa huru tena.

Wakafanya mazoezi jioni, yeye anabonyeza, mkewe anasoma.

"Nimekuambia nane, umeniletea tano. Ningejua naolewa na mwanafunzi mzito namna hii ningekuja na kiboko."

"Ungekuja nacho, mahari ingepungua," akasema mzee, na gumba likarudi kwenye nane.

Wenzake kazini waliviona vinundu wakamtania kwamba mashine yake imepakwa rangi kama bibi harusi. Akawaambia mkewe ndiye aliyeitia alama isiibwe. Wakacheka, yakapita.

Asubuhi moja mashine ilitetemeka, ikauliza jambo. Ilikuwa na kawaida ya kuuliza mambo, na yeye alikuwa na kawaida ya kuikubalia. Akabonyeza pale penye ndiyo. Asichojua ni kwamba palepale mashine ilibadilishwa sura. Mtu fulani, kwenye kiti chake kinachozunguka, aliona vitufe vile vitatu vitapendeza zaidi vikipangwa upya. Palipokuwa na *Tuma* sasa pakawa na *Mita mbovu*. Mlio ulikuwa uleule, tii, ukibonyeza hiki au kile. Mzee Mita akaendelea na mitaa yake, anainama, anasoma tarakimu kwa uaminifu, anaziingiza sawasawa, kisha anamalizia kwa kuiambia ofisi kwamba mita hiyo haifai.

Ofisi nayo ikafanya kazi yake. Likaja gari la mafundi, wakaanzia mtaa mmoja, wakang'oa mita zote na kuziba mabomba. Mita mpya? Stoo hazikuwepo. Watu wasubiri.

Kwenye mtaa huo kulikuwa na mama mmoja muuza miche ya maua na miti ya matunda, mtani wake wa siku nyingi. Kila alipofika pale, yule mama alikuwa na la kumwambia: "Haya, amekuja mume wangu wa pili kunihesabia matone." Safari hii Mzee Mita alifika akasubiri utani, hakuusikia. Alisikia majani makavu yakivunjika chini ya viatu vyake. Kwa ukingo wa jicho aliona vijungu vimepangwa safu kwa safu, na rangi ya kijani iliyokuwa ikimpokea kila mara haikuwepo.

"Ni wewe uliyewaambia mita yangu mbovu?" mama akamuuliza. Hakupandisha sauti.

"Mimi? Haki ya Mungu, sijasema. Nimeisoma vizuri, nikatuma."

"Basi nani? Nachota kwa ndoo kutoka mtaa wa pili. Ninywe mimi au inywe miche? Kazi ya mwaka mzima hii."

Mzee Mita aliumia. Aliumia kwa sababu alikuwa anampenda yule mama kwa namna watani wanavyopendana, na kwa sababu alijua hakusema. "Kesho naenda ofisini mwenyewe," akamwambia. "Na maji yako yatarudi."

Mkewe alipopata habari moyo ulimlipuka. "Baba, acha. Waache wenye mtaa waende. Wewe ukiingia ofisi ile watakutazama."

"Wanatazama kila siku."

"Kila siku unapita mlangoni. Hujawahi kukaa kitini."

"Miche ya watu imekufa, mama. Ninyamaze?"

Asubuhi mkewe akavaa viatu akamsindikiza, akakaa kwenye benchi la nje.

Meneja wa eneo alikuwa binti wa umri wa watoto wao, mwenye heshima zake. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya watu wa mtaa."

Akaeleza yote. Meneja akamsikiliza, akafungua kumbukumbu, akatikisa kichwa. Kweli, mita za mtaa mzima zimeandikwa mbovu, na zote kutoka mashine yake. Lakini hakumgombeza. "Nakufahamu tangu nimeanza kazi hapa. Wewe si mtu wa kuandika uongo. Mimi nasema kosa ni la mashine hizi, na makao makuu wananijibu kwamba wasomaji wangu ni wazembe. Leo nimepata shahidi." Akapiga simu, akaiweka mezani, sauti wazi. Fundi wa makao makuu akaitikia.

"Mzee wangu," meneja akasema, "iwashe mashine yako. Tusomee vile vitufe vya chini, kimoja kimoja, kama unavyoviona. Kisha utuonyeshe unachobonyeza."

Mzee Mita akaiwasha. Mwanga ukaja, na ndani ya mwanga ule hakukuwa na kitu ila ukungu. Hakutishika. Gumba likateleza ukingoni, likakuta kinundu kikubwa mahali pake.

"Cha kwanza *Tuma*," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma. "Cha pili *Hakuna mtu*. Cha mwisho *Mita mbovu*. Mimi nabonyeza hiki cha kwanza, siku zote."

"Mzee, huo ni mpangilio wa zamani," fundi akasema. "Tuliubadilisha. Soma ulio mbele yako."

Mzee Mita akainua mashine karibu na uso, akaishusha, akaipeleka mbali. "*Tuma*," akasema tena, taratibu. "*Hakuna mtu*. *Mita mbovu*."

Meneja akanyoosha mkono akakata simu, lakini fundi alikuwa ameshasikia.

Angeweza kusema amesahau miwani. Angeweza kusema taa ni hafifu. Alikuwa amechoka.

"Macho, mzee wangu?" binti akauliza, na sauti yake ilikuwa na machozi.

"Macho, mwanangu."

"Nilitaka kukutetea."

"Najua. Na maji ya watu?"

"Mita zao zitarudishwa. Nitasimamia mwenyewe."

"Na mimi je?"

Meneja akageuza uso dirishani. Mzee Mita alimwona akigeuka; vitu vya pembeni bado alikuwa anaviona. Akafungua mkanda kiganjani, akaiweka mashine mezani, akatoka.

Mkewe alinyanyuka kwenye benchi. "Wamesemaje?"

"Maji ya mtaa yatarudi."

"Na wewe? Juu yako wamesema nini?"

"Hawakusema kitu, mama. Nimesema mwenyewe."