Jina Lililotoka Majini

Miaka ile video ilipoingia Mwanza kwa kasi, kila mwenye kamera aliandika majina ya maharusi kwa herufi za njano za mashine, zimekodoka kama za kibao cha duka. Nilizichukia. Mimi nilitaka maandishi ya sinema. Nilikata herufi kwenye dumu jeupe la mafuta ya kula, nikazibandika kwenye kitako cha beseni jeusi, nikajaza maji na kuweka taa ubavuni. Kamera ikiwa juu, niliyavuruga maji kwa mkono: huoni kitu ila mng'ao. Yakitulia, jina linajikusanya taratibu. Kwenye harusi walilipigia vigelegele. Kizuri chajiuza, nilikuwa nikijigamba.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kihaya, muuza nguo karibu na stendi ya Buzuruga. Ziwa lilikuwa limemchukua mwanawe aliyekwenda kuvua sangara, na mwili haukuonekana. Msiba nilikuwa nimeurekodi mimi, kwao Kagera. Katika ukoo wao asiyepatikana huzikiwa mgomba, basi wazee walivika sanda kipande cha mgomba, wakakishusha kaburini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wananiambia maji yakimwagika hayazoleki. Mgomba nimezika, sikubisha. Lakini nimeona harusini unavyotoa majina majini. La mwanangu litoe. Na likishatoka, lisizame tena."

Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko harusi yoyote. Jina likatoka, likatulia, nikaliacha hapo hadi mwisho wa mkanda. Alipokuja bandani kwangu na binti yake kulitazama, alisogea akaligusa kwenye kioo cha televisheni. Alitabasamu, nami nilifurahi sana.

"Hebu rudisha tuone tena," akamwambia binti aliyekaa karibu na deki ya video.

Binti akabonyeza kurudisha kabla ya kusimamisha mkanda. Ukifanya hivyo, picha hukimbia kinyumenyume mbele ya macho yako. Jina likatikisika, likavunjika vipande, maji yakalifunika.

"Anazama!" yule mama alipiga yowe. "Jamani, mshikeni!"

Nikazima televisheni. Binti alikuwa analia, anamwomba mama yake msamaha, na mimi nililichukia lile beseni kana kwamba ni mtu. Mama alikaa chini sakafuni.

"Maji yatoe," akasema. "Mimi nimeshayaona ya kutosha."

Nikayamwaga nje. Herufi nikazikausha, nikazibandika kwenye kitambaa cheusi, nikazirekodi mkanda mzima bila kuzitikisa. Ilikuwa kazi mbaya. Hata wale wa herufi za njano wangenicheka.

Aliporudi aliutazama hadi mwisho. Kisha akabonyeza kurudisha mwenyewe, macho kwenye kioo. Michirizi ikapita, mkanda ukakimbia kinyumenyume hadi mwanzo. Jina lilibaki pale pale.