Mbwa wa Kufungiwa Mchana

Mbwa yule nilimchukua Soweto, mjini Moshi, kwa mama mmoja, daktari wa mifugo mstaafu, aliyetunza uani kwake mbwa waliotelekezwa. Alikuwa dume kijana, mkubwa kama ndama, na aliponirukia kwa furaha nusura aniangushe. "Usimfungie," mama alinionya. "Huyu asipokimbia ataharibika." Nikamwahidi kwamba kwetu Kirua Vunjo kuna nafasi tele.

Nafasi gani! Kihamba chetu, shamba la ukoo kuzunguka nyumba, kilijaa migomba na kahawa, hata ng'ombe tulimfugia bandani. Halafu wezi wa kahawa walikuwa wamezidi, na kwetu mbwa wa ulinzi hufungiwa mchana kutwa asizoee watu, hufunguliwa usiku tu. Nikampigilia kibanda cha mbao kando ya ng'ombe. Wiki za kwanza alilia na kukwaruza mlango. Aliponyamaza, mimi mpumbavu nikawatambia majirani kwamba sasa ameiva.

Mwaka uliofuata yule mama akapanda mlimani kuja kumsalimia. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia huku macho yake yakimtafuta mbwa uwanjani. Kwa aibu nikamwonyesha kibanda. Kabla sijamzuia alikuwa ameshafungua komeo, akamwita kwa sauti ya kubembeleza, akanyoosha mkono. Mbwa hakumrukia. Alimng'ata.

Nilishika fimbo. Mama akanitazama tu, nikaiweka chini. Akafunga mkono wake kwa kitenge, damu ikipenya, kisha akachuchumaa mbele ya kibanda.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia mbwa.