Friji ya Mama Swichi

Watu wa mtaa walimwita Mama Swichi, na jina alilipata kihalali. Ukitoka chooni ukasahau taa, anakuuliza kama ile mita ya umeme ni ya mjomba wako. Pasi aliichomoa zikiwa zimebaki nguo mbili, akazimalizia kwa joto lililobaki. Vipande vya sabuni alivibana pamoja vikawa sabuni mpya ya rangi tatu, na maji ya kusuuzia nguo yalingoja kwenye ndoo ya bluu, yakafanye kazi ya pili chooni. Nanyi msimcheke! Yeye mpishi wa shule, mumewe fundi saa katika zama ambazo kila mtu anatazama saa kwenye simu, na bado walisomesha watoto wawili bila kugonga mlango wa mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na cha kwake kilijaa.

Fahari yake kubwa ilikuwa friji. Jioni anaichomeka na kuzungusha kitufe mpaka mwisho, ijae barafu usiku kucha. Alfajiri anaichomoa, na barafu ile inalinda vyakula mpaka arudi kazini. "Friji siyo askari, ikeshe na kushinda," alikuwa akisema, na majirani wakacheka, kisha wawili wakaiga.

Basi mumewe, aliyekuwa na kisukari cha siku nyingi, akahamishwa kutoka vidonge kwenda sindano. Muuguzi akawapa vichupa na karatasi ya maelekezo, akasema dawa ikae kwenye ubaridi. Mama Swichi akapiga hesabu zake. Kama friji inazimwa mchana, dawa iwekwe pale penye baridi kuliko pote. Akasogeza nyama pembeni, akavipanga vichupa vikigusana na ukuta wa barafu. Ile karatasi ilikuwa na mgongo mweupe, safi kabisa. Akaikunja, akaitia kwenye pochi, iwe ya kuandikia mahitaji ya sokoni.

Asubuhi kichupa kilitoka kigumu kama jiwe. Alikibana kwapani huku akichemsha chai, kikayeyuka, akampelekea mumewe chumbani, naye akajidunga. Hakuona tatizo. Nyama huganda, ikayeyuka, ikabaki nyama ileile. Kwa nini dawa iwe na makuu kuliko nyama?

Wiki ya tatu ndoo ya bluu ilianza kuisha kabla ya saa nne.

"Baba, wewe una nini na choo? Maji ya kufulia ya siku mbili umeyamaliza peke yako!"

"Kiu, mke wangu. Nakunywa, natoka, nakunywa tena."

"Unakula sukari kwa siri. Mimi si mtoto."

"Haki ya Mungu sijagusa."

Hakumwamini. Alichukua penseli akachora mstari kwenye mtungi wa sukari, hapohapo ilipofikia, akaurudisha kabatini. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha sukari tangu mumewe aumwe, kwa hiyo mwizi angekuwa mmoja tu. Lakini ndani yake hofu ilishaanza kumtambaa. Mumewe alikuwa anakonda, suruali inashikwa na kamba. Mezani kwake, ambako kwa miaka thelathini alishika skrubu ndogo kuliko chawa, sasa alikuwa anaziangusha. Alifuta lenzi yake, akaifuta tena. "Vumbi," alisema. Mama Swichi aliangalia lenzi ile, haikuwa na vumbi.

Asubuhi ya Jumamosi alimkuta amekaa kitandani, anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyovunda. Alimwita, akaitika, halafu akamwita kwa jina la dada yake aliyekufa.

Loo! Akapiga kelele, jirani dereva teksi akaja mbio, wakambeba. Na pale mlangoni, akiwa na pochi mkononi, ukamjia akilini ule mtungi. Akarudi jikoni akafungua kabati. Alitaka aukute umeshuka. Mungu anisamehe kwa kusema, lakini alimwomba Mola mumewe awe mwizi, ili ajue kinachomuua ni nini.

Sukari ilikuwa palepale kwenye mstari.

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu na feni isiyozunguka. Mumewe alilazwa nyuma ya pazia, akatundikiwa maji. Muuguzi, yuleyule wa mwanzo, akatoka na uso usio na mzaha.

"Mama, sukari imepanda mpaka kipimo kimeshindwa kuisoma. Sindano anapiga?"

"Kila siku. Namwona kwa macho yangu."

"Basi ugonjwa umeizidi dawa. Daktari anataka kumwongezea, hata mara mbili. Lakini nakuuliza kwanza, dawa mnaihifadhije? Imewahi kupata joto, au kuganda?"

Mama Swichi alifungua mdomo na uongo ukaja wenyewe, umevaa vizuri. Umeme unakatika sana mtaani kwetu, sister. Nani angebisha? Umeme unakatika kila mahali.

"Ngoja nikumbuke," alisema. Mikono ilitaka cha kushika, akafungua pochi, akatoa karatasi ya mahitaji. Vitunguu, chumvi, kiberiti. Akaigeuza. Alikuwa hajawahi kuigeuza aisome. Maandishi yalikuwa makubwa, ya kusomeka na kila mtu: Dawa hii isigandishwe. Ikiganda hata mara moja, itupwe, haifanyi kazi tena.

Wiki tatu! Wiki tatu alikuwa anampa mumewe maji. Na sasa kama atanyamaza, watamwandikia dawa mara mbili, naye atajidunga dawa nzima, mpya, kwa kipimo cha dawa iliyokufa. Hiyo ndiyo itakayomzika. Mficha uchi hazai, walisema wakubwa, lakini wakubwa hawakusema jinsi uchi ule unavyouma kuuvua mbele ya mtu.

"Iliganda," alisema. "Kila siku. Mimi ndiye niliyeigandisha. Naizima friji mchana, sister, ili kuokoa umeme." Akaanza kulia pale kwenye benchi, na watu wakageuza nyuso.

Muuguzi hakumgombeza, na hilo likauma zaidi. Aliingia haraka nyuma ya pazia, akasikika akisema, "Daktari, usiongeze."

Siku tano baadaye mumewe alirudi nyumbani kwa miguu yake. Sukari ilishuka. Kuhusu macho, daktari alisema wangoje, huenda yakarudi kama zamani, huenda yasirudi yote. Mama Swichi alikuwa amemweleza kila kitu, kuanzia kitufe cha friji mpaka karatasi. Mzee akasema, "Na ulivyoniita mwizi wa sukari je?" Akacheka. Mkewe hakuweza kucheka.

Alasiri ile friji ilikuwa inanguruma, kitufe kwenye namba ya kati, vichupa vipya mlangoni mwake, mbali na barafu. Kila ikinyamaza kidogo Mama Swichi alishtuka, akaenda kuigusa. Alikuwa amewasha taa zote, ya sebuleni, ya jikoni, ya ukumbini, hata ile ya mezani kwa fundi, na jua bado lipo nje. Mumewe aliketi, akavaa lenzi, akafungua saa ya mteja.

"Mama Swichi," akaita. "Tafadhali leo acha ubahili. Niwashie taa, skrubu imenidondoka."

Alitazama juu. Balbu ilikuwa inawaka, inchi chache kutoka kichwani pa mzee.

Alikwenda ukutani. Akazima, akawasha. Swichi ikalia mara mbili.

"Haya, nimewasha, baba."

"Eeh, hapo sawa," alisema mzee, na mkono wake ukaanza kupapasa meza, ukiitafuta skrubu iliyokuwa mbele yake.