Tulipewa Jumamosi ya kupumzika, tukaenda kusimama getini kazini

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimewasoma siku kadha mkibishana kama sheria ipunguze siku za kazi au la. Wasomi wa uchumi wana hesabu zao. Mimi niliishia form four, na hesabu ilikuwa imenishinda kabla ya hapo, kwa hivyo nitaeleza tu lililonipata. Wallahi siongezi chumvi, labda kidogo pale ninapojisifu.

Nakaa Mishomoroni, kazi yangu iko Changamwe, kwenye godauni la kupakia majani ya chai. Miaka yote tumefanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi.

Mwaka huu meneja akatuita. Tujaribu mwezi mmoja, siku tano, mshahara ule ule. Mzigo tunaopakia usipopungua, Jumamosi inakuwa yetu moja kwa moja.

Mimi ni mtu wa ndani. Hata harusi ya jirani naisikilizia dirishani. Habari hiyo nusra inilize.

Jumamosi ya kwanza nililala mkekani kama samaki ng'onda aliyeanikwa. Ya pili, mke wangu Zuhura akanikabidhi mbuzi ya kukunia nazi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu ndiyo jembe," nikamkumbusha.

"Jembe litangoja, baba. Nazi haingoji."

Na kazini? Mzigo haukupungua. Watu walikuja Jumatatu hawajanuna, na hakuna tena aliyejificha chooni kusinzia. Hilo nalijua vizuri, nilikuwa mteja.

Lakini kuna Katana. Katana ni kibarua, analipwa kwa siku. Siku moja tukinywa chai akaniambia, "Ndugu yangu, siku yenu ya kupumzika ni siku yangu ya kulala njaa."

Nikamsogezea mahamri.

Basi wiki ya tatu, Ijumaa jioni, mtu akaandika kwenye group ya kazini: "Nasikia meneja anaangalia nani hahitajiki. Wa kukaa nyumbani kesho ajijue."

Nasikia! Hakuna hata mmoja aliyeuliza kasikia kwa nani.

Asubuhi nikavaa shati la kazi. Nikalivua. Nikalivaa tena.

"Shati limekukosea nini?" Zuhura akauliza.

"Nawaza tu."

"Si wewe uliyesema ukipewa siku moja hutatoka hata nyumba ikishika moto?"

"Na wenzangu wakienda, mimi niko hapa nakuna nazi?"

"Haya, nenda. Lakini ukiirudisha hiyo siku, usije ukanililia mgongo."

Nikaenda.

Getini nikawakuta karibu zamu yangu yote. Kila mtu na udhuru wake. Mmoja amesahau chupa ya chai. Mwingine ati alikuwa anapita tu, na anakaa Likoni, ng'ambo ya feri!

Mutua, soja wa geti, akatucheka. "Wazee, leo si mko off? Ama mmefukuzwa nyumbani?"

Hapo tungetawanyika, mambo yakaisha. Lakini kila mmoja alimngoja mwenzake aondoke kwanza. Wa kwanza kuondoka ndiye atakayeonekana mvivu, ama sivyo?

Tukiwa pale pale, gari la meneja likafika. Akashusha kioo.

"Kuna nini?"

Na huu ulimi wangu, ambao haukurithi tabia ya mwenyewe ya kukaa ndani, ukatoka: "Tumeona tuje tusaidie kidogo, boss."

Hakukasirika. Alituangalia kama mtu aliyerudishiwa zawadi mlangoni.

"Fungua geti," akamwambia Mutua.

Tukapakia chai mpaka adhuhuri.

Jumatatu akatukusanya. Wenye kampuni, akasema, walikuwa na shaka tangu mwanzo. Sasa wamesikia tunakuja wenyewe bila kuitwa. Jaribio limekwisha, turudi siku sita.

Aliyetabasamu ni Katana peke yake, na hata yeye alitabasamu akiangalia chini.

Wakuu, wapo wanaosema sheria ya nini, mwajiri na wafanyakazi waelewane wenyewe. Sisi tulielewana, hofu ikatushinda. Siku ya hisani unailala jicho moja wazi. Ingekuwa ya sheria, Mutua angetufukuza pale getini na kila mtu angeenda zake bila kuonekana mvivu. Ila sheria hiyo imkumbuke na Katana, mapumziko yetu yasiwe njaa yake.

Leo ni Jumamosi. Naandika haya wakati wa chai, nimeegemea magunia, mgongo unawaka, na nyumbani sina ruhusa ya kuutaja.

Sasa nanyi semeni, bila kujipamba: ungekuwa pale getini, ungeondoka wa kwanza?