Kioko, Aliyeisemea Filamu ya Pweza

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipeleka chumba cha projekta, akanionyesha mashine mbili zilizosimama bega kwa bega, akaniambia nisiguse kitu mpaka nijue kinaitwaje. Nikaanza na majina. Filamu ilikuja imekunjwa kwenye magurudumu ya bati yaliyoitwa rili. Mwanga ulitoka kwa vijiti viwili vya kaboni vilivyowaka vikiwa vimekaribiana; ukivisahau kidogo tu, picha inafifia na watu wanakutukania mama. Rili ikikaribia kuisha, kidoa hutokea pembeni juu ya picha. Hapo unawasha mashine ya pili, na mtazamaji hajui kama kuna lililobadilika. Nyinyi wa kubonyeza simu mnadhani picha hujiendesha.

Ukumbi wetu ulikuwa mwendo mfupi kutoka Kaloleni, Nairobi. Waliokuja ni watu wa reli, makarani, vibarua wa Industrial Area, na wake zao. Wengi hawakujua Kiingereza, na filamu zote zilikuwa za Kiingereza. Ndiyo maana tulikuwa na Kioko.

Jina hilo naliandika kwa hasira, maana mwezi uliopita niliona watu wakiliruka kama dimbwi la maji machafu. Kioko alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani. Siku za kazi alichonga, Jumamosi alasiri alisimama kando ya skrini na kipaza sauti akatusemea filamu. Kusemea, ndivyo tulivyoiita kazi hiyo. Leo vijana wananunua filamu zilizosemewa na madijei na kuambiwa kwamba huo ni uvumbuzi wa juzi. Uvumbuzi gani? Kioko alikuwa akiifanya kabla baba zao hawajaota meno.

Tulikuwa na mtindo wetu, yeye na mimi. Nilimtazama kupitia tundu la ukuta. Mkono wake ukipanda, napunguza sauti ya mashine ili yeye aseme; ukishuka, naiachia. Hatukuwahi kugongana.

Kisha ikaja filamu ya pweza. Ilitokana na riwaya ya kale, juu ya nahodha mmoja mwenye chuki na watu wa nchi kavu, anayeishi ndani ya nyambizi na kuzamisha meli za vita. Kioko aliomba aione kwanza peke yake. Fundi Mkuu akaniambia, "Mwendeshee. Asiyeijua filamu atasemea nini?"

Kioko hakuwa ameiona bahari maishani mwake, na wengi wetu vilevile. Jumamosi hiyo nyambizi ilipozama, wanawake wakashika vifua. Mkono ukapanda. "Msiogope," Kioko akasema. "Hiyo ni garimoshi. Haina reli wala makaa, na dereva wake ana kisirani na dunia nzima." Watu wa reli wakacheka, wakatulia, wakaelewa. Pweza alipoizingira nyambizi, Kioko akasema, "Tazameni mikono hiyo yote, na hakuna hata mmoja wa kutoa, yote ni ya kuchukua." Na nahodha alipoulizwa kwa nini hataki kurudi juu, Kioko akamjibia: "Huku chini hakuna mtu wa kuniuliza kipande."

Mle ndani walikuwamo wazee waliotembea miaka na kile kipande, kitambulisho cha mkoloni, kikining'inia shingoni. Kwa Kiingereza nahodha hakusema hivyo, lakini ndicho alichomaanisha. Mueni, binti wa Kioko, alikaa benchi la mbele kila Jumamosi, midomo yake ikifuata ya baba yake neno kwa neno.

Ndipo tukaletewa Meneja mpya, Mwafrika mwenzetu, aliyesoma ng'ambo akarudi na aibu juu yetu. Alimwita Kioko ofisini mbele yangu. "Unaongeza maneno," akamwambia. "Watu wajifunze Kiingereza. Filamu ijisemee yenyewe."

"Bwana Meneja," Kioko akasema, "hao wanalipa ili waelewe."

Jumamosi iliyofuata filamu ya pweza ilirudiwa, na Meneja akaja chumbani mwangu, akaweka kiganja chake juu ya kitufe cha sauti.

"Bwana Meneja, mkono umepanda," nikamwambia.

"Nimeuona."

Hakuuondoa mkono wake. Kule chini Kioko alishindana na mashine mpaka sauti ikampasuka. Watu hawakusikia Kiingereza wala Kiswahili. Maganda ya njugu yakarushwa kwenye skrini, kisha nusu ya ukumbi ikatoka pweza akiwa bado anapigana. Jumatatu Kioko akafukuzwa kwa kosa la kuvuruga onyesho. Kumbe mtu anaweza kukutilia mchanga kitumbua, halafu akakushtaki kwa kula mchanga.

Nilikwenda nikamwambia Meneja ana kwa ana kwamba amemwonea mtu. Fundi Mkuu alikuwa amenionya. "Nina watoto," alisema, "na wewe utakuwa nao." Nikahamishwa kwenda ghala moja Industrial Area, kukagua rili zilizochanika na kuziunga, na huko ndiko nilikostaafia. Mueni akaacha shule, akauza githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mageti ya viwanda. Kioko akafa bila kugusa kipaza sauti tena.

Basi mwezi uliopita vijana wa mtaa wakanijia. "Sasa mzee, tumeipata ile movie ya pweza. Kuja tuicheki hapo ukumbini, na utakalishwa mbele." Nikaenda, ukumbi wetu ule ule, na Mueni nikaenda naye. Mgeni wa heshima alikuwa nani? Meneja. Mzee sana sasa, amevikwa shada, anaitwa baba wa sinema ya Eastlands. Akashika kipaza sauti akasema kwamba yeye ndiye aliyeona watu wetu wanahitaji kusemewa filamu kwa lugha yao. Watu wakapiga makofi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini huyu alichukua hata hiyo haki.

Tulikaa safu moja, Meneja, mimi, na Mueni. Filamu ikaanza kwa Kiingereza, vijana wakatoa simu zao. Meneja macho yake yana mtoto wa jicho, na masikio hayafuati tena maneno ya haraka. Akanigusa mkono. "Operata," akaniuliza, "sasa kunatokea nini?"

"Bwana Meneja," nikamjibu, "filamu ijisemee yenyewe."

Akainamisha kichwa. Nilifurahi, na sitaki mtu aje kunihubiria msamaha.

Lakini Mueni alikuwa amesikia. Akainuka, akaenda kando ya skrini, pale pale alipokuwa akisimama baba yake, na nyambizi ilipoanza kuzama mkono wake ukapanda. Kijana wa kompyuta hakujua maana yake. Nikamwendea mbio, miguu hii ikilalamika, nikapunguza sauti kwa kidole changu mwenyewe, na safari hii hapakuwa na kiganja cha mtu juu yake.

"Msiogope," Mueni akasema. "Hiyo ni garimoshi."